Safu ya "Mara Ngapi"

Kompyuta yangu ya kwanza ilivuka mpaka wa Horohoro ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro la sponji. Kaka yangu aliinunua Mombasa, tayari imetumika, rangi yake imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Akaitua mlangoni kwangu Chumbageni na kuniambia, "Haya dada, wewe si mpiga chapa? Piga sasa." Wakati huo nilikuwa nimepunguzwa kazi katika ofisi ya mkonge nilikopiga taipureta miaka mingi. Kila kitu kilikuwa kinauzwa, mashamba, magodauni, mpaka viti tulivyokalia. Siku za ruksa, soko lilipofunguliwa, zilileta mitumba ya kila namna, na wangu mimi ulikuwa huo.

Sitajisifu, lakini sitajidhalilisha pia: niliijua mashine ile. Hakuna aliyenifundisha. Nilibadilisha rangi ya kioo, kutoka bluu kali iliyoniumiza macho nikaweka kijani kilichofifia. Nilikuza herufi, nikafuta michezo yote, nikanyamazisha ule mlio wake wa kila dakika. Kila kitu nikakipanga katika folda yake, na kila faili nikaipa jina ambalo hata nikiamka na homa ningelitambua. Majirani waliopata za kwao baadaye walikuja kuniuliza, nami niliwajibu kwa ukali wa mwalimu wa darasa la kwanza. Usichomoe waya kabla haijajizima yenyewe. Usiifunike ikiwa inawaka. Umeme ukianza kupepesa, hifadhi kwanza, ulalamike baadaye. Chenye thamani kiwe na nakala mbili, moja ndani, moja kwenye flopi. Na kubwa kuliko yote: usirundike. Ukiwa na faili mbili za jambo lile lile, futa moja, maana uchafu ni uchafu hata ukiwa ndani ya diski.

Mimi ni mtu wa mpango. Mpango ulinilisha, na mpango ndio ninaoushitaki hapa.

Shangazi yangu alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa wetu ilikuja duniani ikapokelewa na mikono yake, lakini watu hawakumheshimu kwa hilo tu. Alijua nani alinyonya kwa nani. Miaka ile ya shida, rafu za maduka zilipokuwa tupu na maziwa ya kopo hayaonekani hata kwa mlanguzi, mama aliyekaukiwa au aliyelazwa hospitali mtoto wake alibebwa nyumba ya pili akanyonyeshwa na jirani. Lilikuwa jambo la huruma na hakuna aliyeliona ajabu. Ila waliochangia ziwa ni ndugu, na ndugu hawaoani. Kwa hiyo kwetu posa haikujibiwa mpaka mtu apite kwa shangazi, akae mkekani, aulize taratibu: hawa wawili hawakunyonya pamoja?

Alipoanza kuishiwa na pumzi alikuja kwangu na mkongojo wake.

"Nimeubeba mtaa mzima kichwani, mwanangu," akasema. "N'kifa nao, mtaoana ndugu kwa ndugu. Utie humo kwenye sanduku lako."

Tulianza siku hiyo hiyo. Kila baada ya alasiri alikaa ubavuni mwangu, akafumba macho, akasema, nami nikaandika. Hakutaja jina la mke wa mtu hata mara moja. Kwake huko kulikuwa kukosa adabu. Aliwataja kwa kazi za waume zao. "Andika. Mtoto wa pili wa mwalimu wa chuo. Mamake alipatwa na jipu la ziwa, akanyonya kwa mke wa seremala siku tatu, mchana na usiku, akashiba." Wakati mwingine alisimama kwenye mtoto mmoja mpaka nikachoka: alilia vipi, ziwa gani alilikataa, mvua ilikuwa inanyesha au la.

Tulipomaliza nilikuwa na kurasa na kurasa za maneno yake, na maneno hayo yalinikera. Hayakuwa na mpangilio. Nikayatengenezea jedwali: safu ya mtoto, safu ya mzazi, safu ya aliyenyonyesha, na ya nne nikaiandika "Mara ngapi". Ya nne ndiyo iliyonitia wazimu. Majibu ya shangazi hayakuwa namba. "Mara mbili, lakini hakushiba." "Mpaka mamake alipopata nafuu." Nikijaribu kuchapisha, safu hiyo ilimwagikia nje ya karatasi na kuharibu ukurasa mzima. Siku moja nikashika kipanya nikaifuta yote. Nilijiambia kuwa aliyenyonya amenyonya, nani atauliza zaidi?

"Na mara ngapi umetia?" shangazi akaniuliza jioni ile. "Hicho ndicho masheikh watakachouliza."

"Nimetia, shangazi."

Akaniombea dua. Zile kurasa ndefu nikazifuta kwenye diski, kama nilivyofundisha watu, nikabakiza nakala moja kwenye flopi. Mwezi haukuisha vizuri shangazi akatutoka.

Baada ya arobaini watu wakaanza kuja kwangu. Naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi. Mimi niliyefukuzwa ofisini kwa barua ya mistari minne, sasa mababu wazima waliingia sebuleni kwangu wakisubiri neno langu. Niliandika jina au kazi ya mtu kwenye kile kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza, na kabla mgeni hajameza funda la pili la kahawa nilikuwa na jibu. Shangazi alihitaji siku nzima kukumbuka.

Kisha posa ikaja kwangu mwenyewe. Kijana alitoka Pongwe, fundi umeme, mpole, macho chini. Binti yangu alikuwa amekwisha mpenda kabla mimi sijajua lolote, na baba yake alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo furaha yote ilikuwa juu yangu. Nikauliza jina la mama wa kijana. Marehemu, nikaambiwa, mumewe alikuwa mwenye shamba la minazi kule Pongwe. Nikaandika jina, nikaandika minazi, nikaandika Pongwe, na mara zote tatu mashine ikanijibu kuwa hakuna kitu. Sikuufungua mstari wa binti yangu nikausoma kwa macho yangu. Nilikuwa nimeshazoea kusomewa.

Siku tano kabla ya ndoa bibi wa kijana aliletwa na sanduku la bi harusi. Nilimpokea, shikamoo, marahaba, nikamkalisha kitini akavuta pumzi na kutazama dirishani.

"Mtaa huu naujua mie," akasema. "Mwanangu alikaa hapa na mumewe wa kwanza. Fundi baiskeli, nyumba ile karibu na msikiti. Huyu mjukuu wangu kazaliwa hapo hapo. Wa Pongwe ni mume wa pili."

Fundi baiskeli. Binti yangu alipozaliwa mimi nilishikwa na homa ya uzazi, nikalazwa siku nane sijitambui. Shangazi alinihadithia kuwa mtoto alipita maziwa matatu. Mama wawili nilikuwa nikiwajua, nimewashukuru maisha yangu yote. Wa tatu alikuwa amehama zamani, na mkono wangu uliandika maneno yale bila kichwa changu kuyashika: mke wa fundi baiskeli. Yalikuwa ya mstari wake, au wa mtoto mwingine? Nilimsindikiza yule bibi mpaka barabarani nikicheka kama kawaida, nikarudi ndani mbio kulitafuta jedwali.

Kompyuta ilikuwa katika chumba cha ndani, chumba alichowekwa bi harusi. Wifi yangu, aliyekuja kusimamia ndani ya nyumba, alikuwa ameifunika kitambaa chake kizuri cha kufuma, na chini ya meza, penye kivuli, ameweka chetezo. Asubuhi na jioni kwa siku nyingi udi ulikuwa umefukizwa hapo, na kompyuta ikiwaka, kwa sababu binti yangu alikuwa akisikiliza nyimbo humo apitishe muda. Mimi mwenye sheria zangu nilipita mlangoni kila siku nikaona na nisione, nilikuwa na mchele wa kuchagua.

Nikaiwasha. Ikanguruma, ikaonyesha kijani changu, ikazima. Nikaiwasha tena, ikazima mapema zaidi.

"Mama, una nini?" binti yangu akauliza kutoka mkekani. Uso wake ulikuwa wa manjano kwa singo, dawa ya kulainisha ngozi ya bi harusi.

"Kadi. Nataka kurekebisha kadi."

"Kadi si zimeshagawiwa?"

Nilifungua skrubu kwa kisu cha jikoni. Ndani kulinukia kama mavazi ya harusi, na feni ilikuwa imeganda, imepakwa masizi yenye mafuta yanayonata vidoleni. Nikachukua brashi ya rangi, pamba na spiriti, nikasugua ubawa mmoja mmoja, nikapuliza, nikasugua tena. Nje wanawake walikuwa wakitwanga viungo na kuimba. Nikaomba Mungu iwake, na papo hapo nikaomba isiwake kabisa. Feni ikazunguka, kwanza kwa kusuasua, kisha ikashika mwendo.

Mstari wa binti yangu ulikuwa pale ulipokuwa siku zote. Safu ya tatu: mke wa karani wa bandari, mke wa muuza samaki, mke wa fundi baiskeli. Kulia kwake hapakuwa na kitu. Nikakumbuka flopi, nikaitafuta kwenye droo nikirusha vitu chini, nikaichomeka. Ikakwaruza, ikakwaruza, ikafunguka. Ilikuwa kadi ya harusi, maua pembeni na majina yao katikati. Mwezi uliopita nilihitaji flopi ya kupeleka kwa mchapaji mjini, sikutaka kununua mpya wakati ipo ya zamani, nikaisafisha nikatia kadi.

Nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilirudi kwenye jedwali, nikaweka kishale juu ya "mke wa fundi baiskeli" na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Shangazi kafa, mama wa kijana kafa, bibi yake hajui lolote. Maneno manne tu. Nilikuwa hodari wa kufuta.

"Baba yake alikuwa fundi baiskeli," sauti ikasema nyuma yangu. Binti yangu alikuwa amesimama, ile singo imeanza kukauka na kupasuka mashavuni. "Baba yake mzazi. Aliniambia."

Nikaondoa kidole.

"Mara ngapi, mama?"

"Sijui."

"Bibi mkunga hakusema?"

"Alisema. Nilifuta."

Alikaa kitandani akaanza kuikwangua singo usoni kwa kucha.

Kesho yake tulikwenda kwa sheikh, yeye na mimi, na kijana akaitwa. Sheikh alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema maziwa yanayoharamisha ni mara tano za kushiba, kila moja peke yake, mtoto hajatimiza miaka miwili. "Zilikuwa ngapi?" akaniuliza. Nilijaribu kuirudisha sauti ya shangazi. Alisema usiku mmoja? Alisema siku mbili? Nilikumbuka mvua, nilikumbuka kuwa mtoto alilikataa ziwa la kushoto, na nilikumbuka vizuri kabisa jinsi nilivyokuwa nimechoka kusikiliza.

"Shaka peke yake haiharamishi," sheikh akasema. "Kisheria siwezi kuwazuia. Wala siwezi kukwambieni mlale usingizi. Aliyeogopa akaacha, ameisalimisha dini yake."

Kijana akasema yeye yuko tayari, kwake shaka ni shaka tu. Alisema kwa sauti ya chini, akimtazama binti yangu. Binti alikuwa akitazama mkeka.

"Mimi siwezi," akasema. "Kila usiku nitakuwa nahesabu."

Sanduku lilirudi Pongwe siku ile ile. Mchele tuligawia majirani. Watu walisema maneno yao, wakachoka.

Miaka imepita. Kijana alioa kwingine, ana watoto, na hakunitupa. Kila Idi huja kunisalimu, huniita mama na kuniangalia nyaya za nyumba. Zingejulikana kuwa mara tatu, angekuwa mkwe wangu. Zingejulikana kuwa mara tano, binti yangu angekuwa na kaka, angemfungulia mlango kichwa wazi, angecheka naye mpaka machozi. Kwa kuwa hazijulikani, sheikh alisema wachukue tahadhari pande zote mbili, kwa hiyo hakupata mume na hakupata ndugu. Akisikia sauti yake uani hujitanda mtandio, huweka sinia la chai mezani bila kumkabidhi mtu, husema Idi njema akiwa amekwisha geuka. Hajawahi kunilaumu, hata kwa jicho. Huingia ndani akafunga mlango, na mimi ndiye ninayebaki sebuleni nikimmiminia mgeni chai.