Swali Nililolipeleka Nara

Tulikwenda Nara siku ya Jumamosi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa Novemba, nayo ilikuwa siku ya tisa ya safari yangu ya siku kumi na nne. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu katika siku nane zilizotangulia sikuwa nimepata jibu la jambo lililonitoa Mwankoko mpaka Japani. Nilitaka kujua kama binti yangu angerudi nyumbani. Masomo yake yalikuwa yanakwisha mwezi Machi. Kuhusu mwezi Aprili hakuwa amesema neno.

Msomaji atauliza kwa nini sikumwuliza. Kwetu mzazi hamkabili mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima kwa swali la namna hiyo. Humtafuta mtu wa heshima, akamwulize kwa niaba yake na kumletea jibu. Tarehe tatu Agosti nilimtuma shangazi yake aliyeko Mkiwa. Alimpigia simu, wakazungumza dakika arobaini, kisha akaniletea jibu kwamba "tutaongea". Nilimwambia hilo si jibu.

"Wifi, hata mimi najua si jibu," alisema, "lakini huyo mtoto wako amesoma sana."

Kwa hiyo nilipanda ndege.

Waliotupeleka Nara walikuwa wazee wawili, mume na mke, wanaokaa ghorofa ya chini ya chumba cha binti yangu huko Osaka. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya reli. Marehemu mume wangu naye alikuwa mtu wa reli, kituo cha Manyoni, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilimtazama mzee yule kwa macho ya mkaguzi. Sikumwona na kasoro. Bibi alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Siku yangu ya pili niliulizia umri wake, nikaambiwa miaka sabini na sita. Mimi nina sitini na miwili. Nilisimama nikampa shikamoo. Binti yangu alimweleza maana yake na namna ya kuitikia, na tangu hapo kila asubuhi Bibi alikuwa akisimama mlangoni kwake, mikono ameikutanisha mbele, akingojea haki yake.

"Marahaba," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayepokea cheti.

Mzee alikuwa ametuandalia ratiba ya siku, kila mtu na nakala yake. Saa mbili na dakika kumi na nne, treni. Saa nne, kulungu. Saa sita, chakula. Saa saba na robo, hekalu. Saa tisa, chai. Treni ilipofika kwa dakika ile ile, Mzee aliitazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Nilitikisa kichwa kukiri.

Kulungu wa Nara ni wengi na hawafungwi. Watu hununua biskuti zilizotengenezwa kwa ajili yao, na kulungu huinamisha kichwa kabla ya kupewa. Nilielezwa kwamba wanyama hao wameheshimiwa tangu enzi za kale. Nilisikiliza kwa adabu. Lakini mimi nimekulia katika mashamba ya uwele, na kuhusu mnyama mwenye kwato asiyefungwa nilifundishwa jambo moja tu. Mmoja wao alipokamata pindo la kitenge changu na kuanza kulitafuna, nilipaza ile sauti ya kufukuzia wanyama shambani, na mikono nikaitanua. Kulungu wote wa upande ule waliondoka, pamoja na watalii kadhaa.

"Mama!" binti yangu alisema. "Hawa watu wanawaona ni watakatifu!"

"Mtakatifu hali nguo ya mtu."

Mzee aliomba afundishwe sauti ile. Alijaribu mara tatu. Baada ya mara ya tatu kulungu mmoja alimsogelea na kumwinamia.

Hekalu ni kubwa, limejengwa kwa mbao, na ndani yake mna sanamu ambayo familia nzima ingeweza kuketi katika kiganja chake. Nakiri sikulitazama kama lilivyostahili. Tangu saa saba na robo nilikuwa nikitafakari. Mjumbe niliyemhitaji nilikuwa naye: mtu mzima, mwalimu, ambaye binti yangu alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza shangazi yake. Kikwazo kilikuwa kwamba Bibi hakujua Kiswahili wala mimi sikujua Kijapani, na mkalimani aliyekuwapo alikuwa mmoja, binti yangu, naye ndiye mwenye shauri lenyewe. Ilipofika saa nane na dakika arobaini niliamua kwamba kikwazo hicho hakivunji utaratibu.

Tulivua viatu katika nyumba ya chai, tukaketi mkekani. Nilingoja mpaka vikombe vyote vilipojazwa.

"Mwambie Bibi," nilisema, "kwamba nina shauri ninalotaka kumpelekea, mtu mzima kwa mtu mzima."

Binti yangu alitafsiri. Bibi aliweka kikombe chini, akaketi sawasawa.

"Mwambie kwamba nina mtoto mmoja wa kike."

"Mama, anajua. Ndiye mimi."

"Wewe tafsiri."

Alitafsiri.

"Mwambie mtoto huyo anamaliza masomo mwezi Machi, na mama yake hajui kama atarudi nyumbani. Namwomba yeye, kwa umri wake, amwulize, kisha aniletee jibu."

Binti yangu alinikazia macho. "Yaani nimwambie aniulize mimi?"

"Ndiyo."

"Halafu nimjibu yeye."

"Halafu unitafsirie."

"Si uniulize tu, mama! Niko hapa!"

"Mkalimani haongezi maneno yake."

Hapa yanipasa kueleza kwa nini sikuwa na shaka naye. Mimi nilichelewa shule. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa na miaka arobaini na minne, mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa miongoni mwa watoto walioniamkia kabla ya kuniuliza kama nina kalamu ya ziada. Aljebra nilifundishwa na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba. Nilipokosea alinipa kosa, hata baba yake alipokuwa ameketi pale akimwonyesha kwa macho anionee huruma. Mtu wa namna hiyo hapindishi tafsiri.

Hakuipindisha. Aliinamisha kichwa, akaeleza kwa muda mrefu. Bibi hakucheka. Alimgeukia kwa mwili wote, kama mwalimu anayemgeukia mwanafunzi aliyeitwa mbele, akamwuliza swali fupi. Binti yangu alijibu, kwanza haraka, kisha polepole. Mzee alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake. Bibi aliuliza tena, akajibiwa kwa neno moja. Watu watatu walikwisha kulijua jambo langu, na mimi nilikuwa bado.

"Tafsiri," nilisema.

"Bibi anasema amemwuliza mtoto." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mtoto amesema amepata kazi hapa. Mkataba ni wa miaka mitatu. Amekwisha kuusaini, mwezi Julai."

"Julai tarehe ngapi?"

"Mama!"

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na saba."

Nilizipanga tarehe mbili hizo kichwani, hiyo na ile ya Agosti aliyopigiwa simu na shangazi yake, nikaona ipi ilitangulia.

"Na swali la pili lilikuwa nini?"

"Ameuliza kama mtoto aliogopa kumwambia mama yake." Alikigeuza kikombe chake. "Mtoto amesema ndiyo."

Sikulia. Nilimzika mume wangu bila kushikwa mkono, sikuona sababu ya kulia juu ya mkeka wa watu. Nilikunywa chai yangu yote, ambayo ni chungu na haitiwi sukari, kisha nikasema:

"Mwambie Bibi nimepokea jibu. Mwambie kwetu mtoto akikaa ugenini hukabidhiwa kwa mkubwa. Namkabidhi huyu kwake."

Bibi aliposikia aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Alipoinuka aliuliza ni siku gani nilitaka nirudishiwe mtoto.

"Tarehe kumi na tano Desemba mpaka tarehe kumi Januari. Kila mwaka."

"Likizo yenyewe siku sita, mama."

"Anayesema hivyo ni Bibi?"

"Ni mimi."

"Basi bado hajasema."

Alitafsiri yote, hata hayo. Bibi alinong'onezana na Mzee, wakahesabu kwa vidole, wakatoa siku nane. Nilishuka mpaka kumi na mbili. Tuliafikiana kumi, na mtoto hakuulizwa. Bibi aliandika tarehe za siku hizo kumi katika kijitabu, akanionyesha, nami nikahakikisha tarakimu.

Mlangoni, goti langu la kulia lilikataa kukunjwa. Binti yangu alichuchumaa kunifunga kamba za viatu, nami nilimwacha, ingawa si kawaida yangu kumruhusu mtu. Akiwa ameinama hivyo alisema nami kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, mara ya kwanza tangu nifike. Alisema aliniandikia ujumbe mara nyingi mwezi Julai na kuufuta, kwa sababu kila alipofika kwenye neno la kutorudi aliniona nimekaa peke yangu katika nyumba ya Mwankoko. Nilimjibu, kwa Kinyaturu pia, kwamba ningekaa peke yangu kwa raha zaidi kama ningejua ni mpaka lini.

Bibi aliuliza tulikuwa tukisema nini.

Binti yangu aliinua uso kunitazama. Nilimwambia hilo asilitafsiri, afunge na kiatu cha pili.