Nilimzika Mwanangu Mara ya Pili

Ndugu msomaji, kosa ni langu na sina wa kumsingizia. Sikushawishiwa na mtu, sikuwa nimelewa, na wala usiseme ni uzee. Nilikuwa na akili zangu timamu nilipotangaza kifo cha mtu ambaye hakuwepo, tena kwa jina la mtu aliyekwisha kufa kweli.

Mimi ni mzee wa Kiseke, hapa Mwanza. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba Nyakato hadi nilipostaafu. Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Masanja. Alifariki kwa homa akiwa na miaka ishirini na sita, hajaoa, tukamzika kijijini kwetu, karibu na Bujora. Ni zamani sasa. Wake zetu hutuita kwa majina ya watoto, na mke wangu hakuacha kuniita Baba Masanja hata siku moja baada ya msiba ule.

Mjukuu wetu Neema alikuja likizo akaniona nimekaa tu uani tangu chai hadi chakula cha mchana. Akaniwekea mchezo kwenye simu. Mchezo wenyewe ni kama kijiji. Unajitengenezea mtu, unampa jina na sura, unamjengea nyumba, anatembea, anavua samaki, anakutana na wengine. Na hao wengine ni watu kweli, kila mmoja ameshika simu yake huko aliko. Wengine wanaongea kwa sauti, wengine mnaandikiana. Sisi Waswahili tulikuwa na magogo yetu ya kukalia kando ya ziwa la mle ndani, tukapaita Kijiweni.

Simu iliponiuliza jina, niliandika Masanja. Iliponiuliza umri, nikaandika ishirini na saba. Niliona kama nimemwongezea mwaka mmoja tu.

Nitawaambia kilichonishika, maana si picha nzuri wala samaki wa bandia. Ni salamu! Kijana akikukuta mzee kama mimi anasema shikamoo, unaitikia marahaba, na mazungumzo yameishia hapo. Anakupa heshima yako, kisha anakwenda kuongea na wenzake. Miaka na miaka hakuna aliyenitania isipokuwa wazee wenzangu, nao wanapungua. Kijiweni hakuna aliyeniamkia. Walisema "Oya Masanja, mbona umechelewa?" na mimi nikajiona nina magoti mapya.

Rafiki yangu mkubwa mle alikuwa Deo. Ni Mhaya, mwalimu wa sekondari, amepangiwa kisiwani upande wa Muleba, mahali ambapo hakumjua mtu. Alijiita Nshomile, yaani "nimesoma", kama Wahaya wanavyotaniwa. Siku ya kwanza tu aliniandikia, "Msukuma, ni kweli ukiona ghorofa unaliamkia?"

Nikamjibu, "Na ninyi ni kweli hata mbwa mnamfokea kwa Kiingereza?"

Basi tukawa marafiki. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mke wangu akijilaza, mimi nilikwenda Kijiweni. Deo akitoka darasani ananikuta. Aliahidi kunilisha senene, mimi nikaapa kwamba Msukuma hali wadudu. Aliponiuliza kwa nini siongei kwa sauti, nilimwambia kipaza sauti cha simu yangu kimekufa. Aliamini. Aliamini kila kitu, na hicho ndicho kinachoniuma.

Kuna kipindi alitaka kuacha kazi. Wanafunzi wanakwenda kuvua badala ya kuja shule, nyumba inavuja, na wakubwa wake hawampokelei simu. Akasema anaondoka bila kuaga. Nilimwandikia maneno ambayo ningemwambia mwanangu mwenyewe. Nikamwambia avumilie muhula huo mmoja, aende kuvua na wale wanafunzi jioni, awafundishie huko huko mtumbwini. Alifanya hivyo, na akabaki. Baadaye akampata mchumba hapo hapo kisiwani, binti wa muuza dagaa.

Tulijenga nyumba yangu pamoja. Nilitaka ifanane na hii ya kweli. Geti la bluu, bati jekundu, na nyuma lile jabali letu lililokaa kama kuku anayeatamia. Deo alicheka sana. Akasema siku akifika Kiseke hatauliza namba ya nyumba, atauliza kuku wa mawe alipo.

Halafu akaniomba niwe mpambe wake siku ya harusi.

Nilisema nina safari. Akasogeza tarehe. Nikasema kazi hawaniruhusu. Akasema, "Masanja, mimi sina kaka. Kama huji, nakuja Mwanza kukubeba mwenyewe." Akaanza kuniulizia vipimo vya suti.

Nilikosa pa kutokea. Nilimpigia Neema, akaniambia kirahisi tu nikifute kile kijitu, watu mtandaoni hupotea kila siku. Nilikataa. Niliona ni utovu wa adabu. Kwetu mtu hatoweki kama moshi, mtu huondoka kwa kuagwa. Nikawaza na kuwaza, na katika kichwa changu chote cha kidato cha nne nikaona njia moja tu ya heshima ya mtu kutohudhuria harusi ya rafiki yake.

Nikaandika pale Kijiweni, kwa mkono huu: "Mimi ni babu yake Masanja. Mjukuu wangu amefariki kwa ajali ya pikipiki. Tumeshamzika kijijini. Asanteni kwa urafiki wenu."

Kisha nikazima simu nikaiweka kabatini. Nilidhani nimefunga mlango. Jamani, mimi Msukuma niliyelala misibani maisha yangu yote, nilisahauje kwamba kwa watu wetu kifo ndicho kinachofungua milango?

Haikupita wiki. Nilikuwa uani, mke wangu anachambua maharage kwenye ungo, geti likagongwa. Akaingia kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe, na mkononi kifurushi kimefungwa kwa jani la mgomba. Aliniangalia, akaangalia juu ya bati, kwenye jabali. Akajua amefika.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi," alisema. "Mimi naitwa Deo. Poleni sana na msiba wa Masanja. Sikuwahi mazishi."

Mke wangu alisimama, maharage yakamwagika.

"Masanja wangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mlijuana wapi, mwanangu?"

"Tulikuwa kijiwe kimoja, bibi. Kila siku tupo pamoja."

Kijiwe! Mke wangu anakijua kijiwe kimoja tu, kile cha vijana pale njia panda, ambako Masanja wetu alikuwa akishinda enzi za uhai wake. Hakuhesabu miaka. Hakujiuliza kijana huyu alikuwa na umri gani wakati ule. Mama aliyefiwa hahesabu. Alimshika mikono, akamketisha kwenye mkeka, wakalia wote wawili. Mimi nilikuwa katikati yao nikiwa mkavu, kwa sababu kila mmoja alimlilia mtu wake na mimi peke yangu nilijua.

Deo akaanza kumsimulia. Alivyokuwa na utani. Alivyomkataza kuacha kazi, alivyomfundisha kuwafuata wanafunzi ziwani. Mke wangu alikuwa akiitikia, "Ndivyo alivyokuwa. Huyo ndiye Masanja." Uso wake uling'aa katikati ya machozi. Sikuwa nimeuona hivyo kwa muda mrefu sana. Nilifungua mdomo mara kadhaa niseme, kisha namwona anavyosikiliza, naufunga.

Alimsongea ugali, akamkaangia sato. Kijana alipomaliza kunawa akaniomba, kwa heshima zote, nimwonyeshe kaburi.

"Mpeleke, Baba Masanja," mke wangu akasema. "Ametoka mbali."

Aliposikia jina hilo Deo aliniangalia. Tulipotoka getini nikawahi kumwambia kwamba mjukuu alirithi jina la baba yake mkubwa. Uongo mwingine, na ulitoka mwepesi kama mate.

Tulipanda gari mpaka kijijini. Njia nzima nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, msalaba. Juu ya msalaba wa mwanangu kuna jina lake, na chini yake mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Mke wangu huyapaka yale maandishi rangi nyeusi upya kila mwaka, yasifutike. Siku zote nilimsifu kwa kazi hiyo. Siku hiyo niliomba Mungu mke wangu awe amesahau!

Hakuwa amesahau. Maandishi yalisomeka tangu njiani.

Niliongeza mwendo nikafika kwanza. Nikageuka, nikasimama nimeupa mgongo msalaba, koti langu nimelikunjua kama mtu anayesikia joto. Mgongo wangu uligusa mbao. Deo alipiga magoti mbele yangu, yaani mbele ya kaburi, akasali salamu za Bikira Maria. Nyasi zilikuwa zimeshaota na udongo umeshashuka, lakini yeye alikuwa amefumba macho.

Alipomaliza akafungua lile jani la mgomba. Senene, wamekaangwa vizuri.

"Alisema hali wadudu," akasema. "Nikaapa nitamlisha. Babu, nipishe kidogo niweke pale msalabani."

Sikusogea. Nilimwambia, "Nipe mimi. Kwetu mgeni hagusi msalaba." Hakuna mila kama hiyo. Niliibuni pale pale. Akanipa kwa mikono miwili, na mimi nikaupitisha mkono nyuma bila kugeuka, senene wakamwagikia visigino vyangu.

Nilibaki nimesimama hivyo mpaka aliporudi barabarani. Ukinikuta leo, msomaji, ujue bado nimesimama hivyo.

Kabla hajapanda meli ya Bukoba aliomba namba yangu ya simu. Akasema hawezi kuniacha mpweke.

Niliporudi nyumbani mke wangu alikuwa bado amekaa kwenye mkeka. Safari hii alikuwa amepata muda wa kuhesabu.

"Yule kijana," aliniuliza, "Masanja anafariki yeye alikuwa na miaka mingapi?"

Nikamwambia yote. Mchezo, jina, kijiwe chenyewe kilivyo, harusi. Sikuficha kitu. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo yale ya kuwafuata wanafunzi ziwani, yale ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilidhani nimepata kitu kipya cha mwanangu," akasema. "Miaka yote hii narudia yale yale machache niliyonayo. Leo nilidhani nimeongezewa."

Akaokota ungo akaingia ndani. Tangu siku ile haniiti Baba Masanja. Ananiita Mzee, kama muuza mkaa anavyoniita. Ananipikia, ananifulia, tunasali pamoja. Ila jina langu amelichukua, na sina mahakama ya kulidai.

Amenipa sharti moja, kwamba nimweleze Deo. Nami nimejaribu, Mungu anajua. Deo hunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Natengeneza maneno tangu Jumamosi. Simu inaita, nasikia "Shikamoo babu," ninaitikia "Marahaba," na ile marahaba inanifunga mdomo kama kizibo. Yeye sasa ndiye anayenifariji. Ananiambia nivumilie, maneno yale yale niliyomwandikia mimi nikiwa na miaka ishirini na saba.

Harusi alifunga. Pembeni yake, aliniambia, hakumsimamisha mtu. Aliacha nafasi.

Na juzi, jamani, juzi amepiga siku ambayo si Jumapili. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume. "Babu, tumemwita Masanja," akasema. "Ndugu zangu wananicheka, Mhaya gani anaitwa Masanja. Waache wacheke. Njoo umwone, wewe ndiye babu yake." Halafu akasogeza simu kwa mtoto na kumsemea kama tunavyowasemea wachanga wote, "Shikamoo babu."

Mke wangu alikuwa mlangoni, amesimama na ndoo, anasubiri asikie nitakachosema.

Nikasema, "Marahaba."

Akapita na ndoo yake.

Nikimwambia Deo ukweli sasa, simpokonyi rafiki tu, nampokonya na jina la mwanawe. Nisipomwambia, mke wangu atakufa ananiita Mzee. Sina upande wa kuangukia. Ndiyo maana nimekuja kwenu, maana ninyi nimeweza kuwaambia.

Wazee wenzangu, sikatai hivyo vijiji vya kwenye simu. Kuna watu wazuri mle kuliko wengine tunaosali nao. Ingieni, ila ingieni na umri wenu na mvi zenu, na atakayewaamkia mumwitikie. Upweke wa kuamkiwa ni mwepesi kuliko huu wangu. Na wewe kijana au mzee ambaye umeshaingia kwa jina lisilo lako, toka leo, wakati bado unadaiwa maelezo tu. Usingoje mpaka udaiwe kaburi.

Mniombee kwa Jumapili inayokuja.

Majina ya watu humu nimeyabadilisha yote, isipokuwa la Masanja. Hilo nimeshalichezea vya kutosha.