Simu Iliyonong'ona Machimboni

Asubuhi hii mlango wa kisanduku cha chuma unafungwa, na simu iliyomo inatengwa na dunia. Haina mnara wa kuusikiliza isipokuwa ule wa bandia: mashine iliyo mezani kwa mama mmoja mwenye koti jeupe lililochakaa viwikoni.

"Paza sauti," anaiambia simu, huku akibonyeza kitufe.

Kwenye skrini, mstari wa kijani unapanda kidogo. Anabonyeza tena, unapanda. Anabonyeza tena, mstari unagoma.

"Huyu bubu," anasema, kisha anaibandika simu karatasi nyekundu.

Wenzake katika karakana hii ya kufufua simu zilizotumika wanamwita Mnara. Anaitika bila kinyongo.

Kazi yake ni kupima nguvu ya simu ya kurusha mawimbi. Simu iliyo karibu na mnara, anaeleza, huamriwa inong'one, isimalize betri wala kuwafunika wengine. Iliyo mbali huamriwa ipige kelele. Ndani yake mna kidude kidogo kabisa cha kukuza mawimbi. Kikichoka, amri ya kupanda inakuja na simu haiwezi kuitii.

"Na mwenye simu hajui," anasema. "Vile vijiti vya mtandao vinakuonyesha simu inavyousikia mnara. Havikwambii kama mnara unaisikia simu. Hata mimi sikujua, mpaka yakanikuta."

Yalimkuta miaka sita iliyopita. Yeye alikuwa fundi cherehani, na mumewe mpasua mawe kwenye machimbo nje ya mji. Mume alikuwa amejinunulia simu iliyotumika. Nyumbani, mnara ukiwa mtaa wa nyuma tu, simu hiyo haikuwa na kasoro.

"Alikuwa ananipigia akiwa chumbani, mimi niko sebuleni, eti nimletee maji. Namwambia, baba watoto, una wazimu wewe. Anacheka mpaka anakohoa."

Alasiri moja ukingo wa shimo ulimporomokea. Alikuwa peke yake. Wenzake walikuwa ng'ambo ya shimo wakipakia lori, na ngurumo za mashine ya kusaga kokoto zilimeza mayowe yake. Jiwe lilimbana mguu. Mikono ilikuwa huru, na simu alikuwa nayo.

Walipomfikia jua lilikuwa linazama. Damu ilikuwa imemwisha.

"Vijiti vya mtandao vilikuwepo," anasema mjane huyo. "Jina langu limejipanga kwenye kioo toka juu mpaka chini. Kila alipopiga, imeshindikana. Na mimi nimekaa, simu iko mapajani, nashona sare za shule."

Baada ya mazishi shemeji yake alimsihi aitupe simu ile. Yeye akaipeleka kwenye karakana hii. Fundi mkuu wa wakati huo, mzee mpole, aliitia kisandukuni, akaiamuru ipande, ikabaki chini. Akarudia. Kisha akavua miwani.

"Dada, hii ilikuwa inasikia, lakini haisikiki. Mjini ungekaa nayo miaka usijue."

"Nani aliipima kabla ya kuuzwa?"

"Waliona inashika mtandao, basi."

"Nifundishe," akamwambia.

Mzee alidhani ni uchungu tu, utapoa. Kesho yake akamkuta mlangoni. Siku hizi mzee amestaafu, na kiti ni cha mama huyu.

Tukiwa bado tunazungumza, anaingia msimamizi, kijana mwenye haraka. Anaiokota ile simu yenye karatasi nyekundu.

"Mama, mbona hii inashika mtandao vizuri tu?"

"Inashika, bosi. Haifiki."

"Mteja atakuwa mjini."

"Umemuuliza?"

Msimamizi anairudisha mezani. Bila kumtazama, anamkumbusha kwamba kuanzia mwezi ujao simu zitapita bila kipimo hiki, maana kinachelewesha mzigo. Mashine, ambayo ni kuukuu, itatupwa. Mama atahamia upande wa kufuta vioo vya simu.

Mlango unapofungwa, mama anavuta pumzi ndefu, anatia simu nyingine kisandukuni.

"Vioo nitafuta," anasema. "Binti yangu bado anasoma, siwezi kususa. Lakini mashine nimeiomba. Wamesema niibebe."

Anajua ataipeleka wapi. Walinzi wa geti la machimbo wamekubali kwa simu kumpa umeme kila Jumapili, na hapo ndipo atakapokaa, awapimie wapasua mawe simu zao bila malipo kabla hawajashuka shimoni. Hajakanyaga huko tangu mumewe atolewe.

"Binti yangu ameniuliza, mama, utaweza kulitazama lile shimo?" anasema, macho yake yakiwa kwenye mstari wa kijani. "Nimemwambia, mwanangu, sidhani. Meza nitaiweka nikiwa nimeligeuzia mgongo."