Siku Niliyopeleka Intaneti Makaburini

Kadi yangu ya biashara inasema "Zuhair, Mtaalamu wa Kompyuta na Mitandao". Niliichapisha mwenyewe, kwa hivyo hakukuwa na wa kunikatalia. Ukweli ni kwamba nauza kava za simu hapa Mjambere, na elimu ya mitandao niliipata kwa kutazama video na kuharibu vya watu. Sasa wenye maduka wanaotumia programu moja ya kuuzia bidhaa wakaanzisha chama chao, wawe wakikutana kila mwezi kufundishana. Mwenyekiti wao Absalom, muuza vifaa vya ujenzi, akauliza nani atawawekea kompyuta na intaneti ukumbini. Mimi huyo, mkono juu. Sifa zitaniua.

Ukumbi wenyewe umepakana na nyumba ya Bi Zubeida, mjane aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi. Kila siku ya mkutano alinilisha kwanza kabla sijagusa waya, kisha akaketi barazani kwake kunitazama nikihangaika.

"Injinia," huniuliza, "leo watapata hiyo intaneti, ama wataondoka na chai tupu kama mwezi jana?"

"Bi Zubeida, mambo ya kitaalamu hayataki haraka."

Hapo hucheka mpaka leso ikamteleza kichwani. Mtoto wake ni mmoja tu, Basma, naye yuko Doha, anafanya kazi hotelini. Basi kila nikifaulu kuunganisha, wa kwanza kuutumia ule mtandao si mwanachama. Ni Bi Zubeida, kwa simu yangu, akionana na mwanawe.

Jumamosi moja nikafika asubuhi nikakuta mlango wake umefungwa. Nikasema amekwenda sokoni, nikaingia kazini na njaa yangu. Nikatandaza nyaya, nikapanga kompyuta, nikawasha ile ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Ikashika. Kompyuta zote, kwa mara ya kwanza tangu niitwe mtaalamu, na hakuna hata moja iliyonuka moshi. Nikasimama katikati ya ukumbi nikitafuta wa kumringia, ndipo niliposikia kilio upande wa pili wa ukuta. Nduguye Bi Zubeida, Mzee Aidarus, alikuwa amekuja kumjulia hali, akafungua kwa ufunguo wake, akamkuta kitandani ameshakufa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Absalom alipofika aliziangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Leo hakuna mkutano," akasema. "Hatuwezi kuketi hapa na msiba uko ukuta kwa ukuta. Toeni viti muwapelekee." Viti vikatoka, meza zikatoka, kompyuta zangu zikabaki sakafuni zinawaka, intaneti kasi ajabu na mtumiaji hakuna.

Mzee Aidarus akanijia na simu mkononi. "Zuhair mwanangu, tunazika baada ya adhuhuri. Basma ndege hawezi kuiwahi. Anataka kumuona mamake akishushwa kaburini, nami nimemkubalia, madhali maiti amesitiriwa. Si ndiwe mtu wa mitandao?"

Mwenye akili angesema atajaribu. Mimi nikajipiga kifua, "Ataona kama amesimama pale pale, Mzee."

Basma mwenyewe, kwenye simu ile ya Mzee, akanambia, sauti imemkauka, "Kaka Zuhair, hana mtoto mwengine. Nisipomuona mimi, atazikwa kama asiyezaa." Nikamwapia, wallahi atamuona.

Ruta nikaitia mfukoni mwa kanzu. Simu yangu nikampigia Basma kwa video, kisha nikaifunga kwa tepu nyeusi juu ya mpini wa ufagio wa ukumbi, ipite vichwa vya watu. Sauti nikaizima, isije ikalia watu wamo kwenye dua. Kule makaburini jua lilikuwa la utosi, kioo cha simu kinameremeta, sioni kitu. Sikujali. Jeneza likaja, nikaelekeza. Wakamshusha, nikaelekeza. Mzee mmoja akaninong'oneza kwamba hapa si pa kufagia. Nikamjibu kwa heshima zote kuwa niko kazini.

Walipoanza kufukia, ule mchanga ulivyokuwa ukilia juu ya mbao, nikajipangusa uso kwa mkono wa kanzu. Nikajikaza. Mwanamume mzima, mtaalamu, na ufagio mkononi.

Niliporudi ukumbini nikaifungua tepu, nikakuta jumbe za Basma zimejipanga. "Geuza kamera." "Kaka, geuza." "Tafadhali geuza." Simu niliiacha kama alivyoiacha Bi Zubeida mara ya mwisho, kamera ya mbele, ile ya kujionyesha uso. Tangu jeneza kufika mpaka koleo la mwisho, mtoto wa watu kule Doha hakuona kaburi wala sanda. Aliona sura yangu, kutoka juu, upara na yote. Nilitamani ule mchanga ungenifukia na mimi.

Nikampigia, kwa video, maana alistahili kuniona nikiaibika. "Basma, nisamehe. Nimekunyima mamako."

Macho yamemvimba. "Kaburi sikuliona," akasema. "Nilikasirika, nikataka kuitupa simu. Halafu nikakuona unalia."

"Lilikuwa jasho," nikasema.

"Kaka Zuhair, nimekutazama wewe maziko mazima, kwani nilikuwa na kingine cha kutazama? Ulilia kama mtoto." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Nami nilikuwa nikidhani hakuna mtoto wake aliyesimama pale."

Nikaketi sakafuni baina ya zile kompyuta, nikamlilia mamake mbele yake.