Maji Niliyoyachemsha

Katika nyumba yetu neno la Kiingereza lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa clean. Vyombo viwe clean, daftari liwe clean. Mgeni aliyevalia vizuri amekuja akiwa clean, na ploti ambayo hatukuinunua title yake ilikuwa clean, kwa mujibu wa dalali. Hata shemeji yangu alipoacha pombe tulitangaza kwamba sasa yuko clean, ingawa suala la kuoga lilibaki vilevile. Neno hilo nililileta mimi, na hakimu wake nilikuwa mimi.

Tulihamia Kitengela binti yetu akiwa bado anatambaa. Upande wetu kuna machimbo ya mawe, na ukipangusa meza, vumbi linarudi kabla kitambaa hakijakauka. Aliyetuonyesha nyumba alinifungulia mfereji wa jikoni.

"Madam, hii maji ni ya borehole. Iko clean kabisa."

Nikajaza glasi, nikaiinua dirishani. Hata unywele ungeonekana humo. Niliyapenda maji yale kuliko nyumba yenyewe.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Kajiado ndani. Borehole yetu, kisima kirefu cha mashine, ilikuwa moja, lakini yeye aliitumia kufulia tu. Watoto wake aliwapa maji ya mvua, yaliyopita kwenye mabati yenye vumbi la machimbo na mavi ya ndege, yakaingia kwenye tangi jeusi. Nilimhurumia, ile huruma ya kukunja pua. Isitoshe, alipocheka meno yake yalikuwa ya kahawia, nami nikajua, bila kumuuliza mtu, kwamba huko alikolelewa hawajui mswaki. Siku moja alimpa binti yangu kikombe cha maji uani. Nilikipokea kwa shukrani nyingi, nikaenda kukimwaga nyuma ya nyumba. Yetu niliyachemsha dakika kumi nzima, nikayapoza, nikayafunika.

Meno ya mbele ya binti yangu, yale ya ukubwani, yalitoka na madoa meupe kama chaki. Alipofika gredi ya nne yalikuwa ya kahawia. Hapo tena nikajua bila kuuliza. Mambo mengi nimeyajua kwa njia hiyo.

"Hupigi mswaki," nikamwambia.

"Napiga, Mum."

"Unalowesha tu brush ndio unidanganye."

Nikaanza kusimama mlangoni mwa bafu asubuhi na jioni kama askari wa benki. Nikanunua mswaki mgumu. Uliposhindwa, nikamsugua mwenyewe kwa chumvi, kisha kwa mkaa wa kusaga, dawa ya nyanya yangu, mpaka povu likatoka na damu. Meno yalibaki vilevile, na mimi nikazidi kuamini kwamba mtoto ni mjanja kuliko nilivyodhani. Shuleni walipigwa picha ya darasa. Wenzake wote wanacheka. Yeye amefumba midomo kama anayezuia kikohozi. Nyumbani akawa anacheka kiganja kikiwa mdomoni, na baadaye akaacha kucheka. Nilimwambia kwamba anayepiga mswaki hana cha kuficha. Maneno hayo bado yananichoma.

Mwishowe nikampeleka kwa daktari wa meno mjini. Nilitaka amsafishe, na kusema kweli nilitaka pia amgombeze, maana mimi nilikuwa nimechoka. Daktari alimwangalia mara moja tu, akanigeukia mimi.

"Mnakunywa maji gani?"

"Ya borehole," nikajibu kwa fahari. "Na nayachemsha."

Akanieleza polepole, kama mtu ambaye wiki hiyo tayari ameeleza mara kadhaa. Maji ya chini ya ardhi huku kwetu yana floridi nyingi, madini yanayotia meno madoa. Humpata mtoto meno yangali yanajijenga ndani ya ufizi, na yakishaota hivyo hakuna mswaki wa kuyabadilisha.

"Na kuchemsha haisaidii," akasema. "Maji inapungua, floridi inabaki. Lakini huyu anapiga mswaki vizuri sana. Tena mwambie apunguze nguvu, ufizi umeumia."

Binti yangu alikuwa kwenye kile kiti, mdomo wazi, akiangalia taa. Sikumwambia daktari nguvu zile zilikuwa za nani.

Tuliporudi nikaenda moja kwa moja kwa jirani. Nilipomweleza, alicheka meno yote nje, bila kiganja.

"Si ndio hii?" akasema, akigonga jino kwa kidole. "Mimi nilikunywa hiyo maji nikiwa mtoto. Ndio maana wangu wanakunywa ya mvua."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilileta kikombe, mama. Nikakuona ukimwaga."

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeshinda miaka minane nikikagua la jirani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga hotuba ndefu. Binti yangu alikuwa mezani, anafanya homework. Hotuba yote ikanipotea. Nikamwambia tu kwamba ni maji, kwamba mimi ndiye niliyempa, kwamba alikuwa akisema kweli siku zote na nilimkosea sana. Nikamwomba anisamehe. Nilitarajia alie, au afurahi, au anikasirikie kama nilivyostahili.

Aliweka penseli chini.

"Kwa hivyo nilikuwa napiga?"

"Ulikuwa unapiga. Kila siku."

Akafikiri kidogo.

"Mimi nilikuwa nimeanza kuamini sipigi," akasema.