Fundi Sikio na Barabara Iliyonyamaza

Baba yangu hakuwa fundi wa kufungua injini kwanza na kufikiri baadaye. Alikuwa fundi wa kusikiliza. Gari likiletwa, humwambia mwenye gari azime redio, afunge mdomo, kisha awashe. Huchukua kipande cha nondo chenye urefu wa mkono, ncha moja akaigusisha kwenye injini, ya pili akaibana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akafumba macho. Uwe mkubwa wa ofisi gani, utasubiri. Akifumbua macho ameshajua: valvu ya pili, au beringi ya pampu ya maji, au hakuna kitu, nenda nyumbani ukalale. Alipokosea, na sikumbuki zaidi ya mara mbili, alinuna siku nzima kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake.

Ndiyo maana watu walimwita Sikio. Fundi Sikio. Mimi shuleni niliitwa Binti Sikio, nikapigana na wasichana wawili kabla sijagundua kwamba lilikuwa jina la heshima. Mama alipofariki nilitoka kwa mume, nikarudi nyumbani kwa baba, nikaweka cherehani yangu pale pale gereji, nikawa nashona vitambaa vya viti vya magari. Kwa hiyo karibu yote ninayosimulia niliyaona, na mengine niliyafanya mwenyewe.

Nasema haya mapema ili ieleweke nilichokiharibu. Wengine wana shamba, wengine wana duka. Baba alikuwa na masikio mawili, nayo ndiyo yaliyotulisha.

Gereji yetu ilikuwa safu ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, na kila mtu alikuwa na kiungo chake cha gari. Palikuwa na fundi rejeta, fundi ekzosi, fundi breki, na muuza oili aliyekuwa na domo kuliko wote. Siku teksi ya kwanza ya umeme ilipoingia uani, muuza oili alilizunguka lile gari mara tatu akitafuta mahali pa kumimina bidhaa yake. Hakupaona.

Dereva wake tulikuwa tunamfahamu. Gari lake la zamani baba alilitibu miaka kumi na minne.

"Hili si langu, fundi," alisema, akisimama mbele ya boneti kana kwamba tungeirukia. "Mimi ni mpangaji tu. La kampuni. Boneti ina lakiri, nikiivunja wananinyang'anya."

"Sasa likiumwa?" baba akauliza.

"Napiga simu. Wanaliangalia kwa kompyuta, huko huko waliko."

"Na kuliosha je, unaomba ruhusa?" fundi ekzosi akadakia. Tukacheka mpaka yule bwana akaona haya. Tangu siku hiyo wote walioendesha magari ya namna ile tukawaita wapangaji. Hata mimi walininyima kazi, maana mkataba ulikataza kubadili kitambaa cha viti.

Kicheko hakikudumu. Gari la umeme halina ekzosi, kwa hiyo fundi ekzosi ndiye aliyeondoka kwanza, bila kuaga, akaiacha miwani yake ya kuchomelea ikining'inia kwenye msumari. Muuza oili alianza kuuza maji ya kunywa kwa madumu, lakini nani atakunywa maji kwa mtu ambaye amemjua kwa oili? Naye akahama. Wenye magari yao wenyewe walizidi kupungua. Wakawa wanayauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanakwenda kupanga la kampuni, na wakipita mbele yetu wanainamisha macho kama wanaotuomba radhi. Tukabaki wanne.

Ilikuwa kwenye siku hizo, alasiri moja akinywa chai, baba alipoinua kichwa akatazama nje.

"Mwanangu, mbona barabara imekuwa kimya siku hizi?"

Nilikuwa na pini tatu mdomoni na kiti kilichonishinda magotini. Sikuinua hata macho. Nikamjibu, "Si haya magari ya umeme, baba. Hayana kelele."

"Kumbe," akasema, akaendelea na chai yake.

Magari ya umeme katika barabara yote ile hayakufika ishirini. Malori yalikuwa yanapita vile vile, pikipiki zinakereza vile vile, na kituo cha mafuta kilikuwa na jenereta inayotingisha mabati yetu. Ningeinua kichwa tu ningejua kwamba swali lake halikuwa la barabara. Lakini nilimjibu mtu mzima kama unavyomjibu mtoto anayekusumbua kazini, na jibu langu likamkaa. Baba aliniamini. Kila alichokosa kusikia kuanzia hapo alikipachika jibu hilo hilo. Nikimwita mara mbili bila kuitikia, husema, "Nawe siku hizi unaongea kiumeme." Watu walivunjika mbavu. Lilikuwa neno la gereji nzima.

Miezi ikapita. Siku moja yule mpangaji wa kwanza akarudi, gari lake linapiga mluzi. Kampuni ilimwambia kompyuta haioni tatizo.

"Sitaki ufungue chochote, fundi. Sikiliza tu, unitoe wasiwasi."

Baba alifurahi mpaka akanawa mikono. Aliinama, akaweka nondo karibu na gurudumu la nyuma, mpangaji akalisogeza gari polepole mbele na nyuma. Mluzi ule niliusikia mimi nilipokuwa nimeketi kwenye cherehani, mwembamba kama mbu. Fundi breki aliusikia. Mpaka mama muuza matunda wa ng'ambo aligeuka. Baba alifumba macho muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akasimama.

"Hamna kitu. Limenyamaza kama lilivyozaliwa."

Watu walipiga makofi. Walidhani anayakejeli magari ya umeme. Baba naye, kuona wanacheka, akacheka. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo, kisha nikakanyaga pedali. Sitaki kusema kwamba nilishuku. Nilijua. Baba yangu alikuwa kiziwi na mwenyewe hana habari.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana, na majibu yangu yote ni ya mwoga. Tulibaki wanne, na wateja wachache waliokuja waliyafuata masikio yale. Kumwambia mtu kama yeye kwamba hasikii ni kumwambia afunge mabati aende nyumbani kusubiri kufa. Basi nikavaa miwani ya mbao. Mteja akifika nampokea mimi, namuuliza gari lina nini, namrudia baba kwa sauti kubwa kama mwenye mzaha. Injini ikigonga namwambia, "Baba, nasikia kama inagonga huku kulia," naye anaweka nondo kulia, anatikisa kichwa kukubali. Nilimpaka baba yangu mafuta kwa mgongo wa chupa karibu mwaka mzima, na kwa kweli nilijiona binti mwema.

Mteja wake mkubwa alikuwa dereva wa gari la wanafunzi, mzee mmoja tuliyemwita Taratibu kwa sababu hata punda walimpita. Gari lilikuwa lake mwenyewe na hakutaka kusikia habari za kampuni. "Nimepanga nyumba miaka thelathini," alikuwa akisema, "nipange na gari? Kesho mtaniambia nipange na suruali." Kila mwezi alilileta kwa baba, lina tatizo au halina.

Siku aliyokuja kulalamika kwamba gurudumu la mbele linanguruma, mimi sikuwepo. Nilikwenda kununua uzi. Baba aliliinua gurudumu kwa jeki, akalizungusha, akaweka nondo, akafumba macho. Akamwambia, "Liko salama, mzee mwenzangu. Nenda kabebe watoto." Taratibu aliniambia baadaye kwamba mngurumo aliusikia mwenyewe hata pale, gurudumu likizunguka hewani, lakini yeye nani hata abishane na Sikio?

Siku ya tatu gurudumu liling'oka kwenye mteremko wa shule. Mwendo wake ule tuliokuwa tukiucheka ndio uliowaokoa. Gari lililala ubavu mtaroni likiwa na watoto kumi na mmoja. Hakufa mtu. Msichana mmoja alivunjika mkono, na goti la Taratibu lilipondwa vibaya.

Lile gari lilivutwa mpaka gerejini. Fundi breki alitoa beringi, au kilichobaki, maana ilikuwa imesagika, akampa baba mkononi. Baba aliipindua kiganjani. Kisha aliisogeza sikioni akaitikisa, kama mtu anayetikisa kibiriti kujua kama kina njiti. Akaitikisa tena, sikio la pili.

"Mwanangu, njoo. Hii inalia?"

"Inalia, baba."

Alikuwa anatazama midomo yangu. "Sana?"

"Sana."

Aliiweka juu ya benchi, akaenda kukaa nyuma ya mabati. Nilimsikia akilia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata kwenye msiba wa mama, na alilia kwa sauti kubwa mno, kwa kuwa hakujua ukubwa wake.

Hospitali daktari alikuwa mama mmoja mwenye haraka, barakoa usoni, kwa hiyo baba hakuweza kusoma hata neno. Alimchungulia masikio yote mawili, akanigeukia mimi. Kulikuwa na uvimbe ndani, alisema, umekula vile vifupa vidogo vya kusikilizia mpaka ukapenya sikio la ndani. Ulianza kama miaka miwili nyuma. Angeletwa mwanzoni, sikio moja lingepona, pengine yote mawili.

"Hakuwahi kulalamika?" akauliza.

"Hakulalamika," nikasema.

Alilalamika. Alilalamika alasiri ile, kwa namna aliyoijua, na nikamjibu nikiwa na pini mdomoni.

Baba alinivuta kiwiko. "Amesemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya pili, pale pale, na daktari shahidi. Daktari alipotoka kuita mgonjwa mwingine, nikamsogelea baba sikioni nikapaza sauti. "Anasema ni kelele za injini, baba. Zile za miaka mingi."

Aliachia kiwiko changu. Halafu akatikisa kichwa polepole. "Basi hivyo ndivyo zilivyonilipa."

Sasa shule ina gari la umeme la kampuni, na dereva wake ni mpangaji ambaye haruhusiwi kugusa hata taa ikiungua. Taratibu anatembea kwa fimbo. Alikuja kumwona baba, wakashikana mikono muda mrefu. Baba aligawa spana zake zote kwa wale mafundi wawili waliobaki, lakini hakukaa nyumbani. Kila asubuhi tunaongozana hadi gerejini, anakaa kwenye kiti langoni, na kila anayepita anapewa hotuba, kwa sauti inayofika ng'ambo.

"Tupeni hizo injini! Injini ni nyoka, nimezilea zikaniuma. Leteni haya ya umeme, hayali mtu masikio!"

Huyu ni mtu aliyekuwa akiziita injini wagonjwa wake. Aliwahi kukatiza chakula cha harusi yangu kwenda kusikiliza gari la bwana harusi, na akarudi akitabasamu kuliko bwana harusi mwenyewe. Sasa anazilaani tangu asubuhi hadi jioni, anajutia miaka arobaini ya kazi aliyoipenda kuliko chochote, na anaijutia bure. Injini hazikumfanya kitu. Wale mafundi wawili huinamisha vichwa wakijifanya wanatafuta kitu kwenye maboksi ya vipuri. Mimi nakanyaga pedali. Masikio ameyapoteza kwa uvivu wangu, hilo labda Mungu atalisamehe. Lakini hili la kumwacha aichukie kazi yake ili mimi nisilaumiwe, silali nalo vizuri.

Baba anasoma bila miwani, polepole, kidole kikifuata mstari. Nimeandika kwa herufi kubwa. Kesho akimaliza chai nitaziweka karatasi hizi mbele yake, na nitakaa hapo hapo, mpaka kidole chake kifike kwenye neno hili.