Nusu Kichwa cha Jemedari

Mjomba wangu ni kinyozi, na mdomo wake una makali kuliko wembe wake. Kituo cha afya cha mtaani kilipotafuta watu wa kuzima visasi vya bastola, kilimchukua yeye. Kwenye semina daktari aliwaeleza kwamba risasi huambukiza kama kipindupindu: aliyepigwa ana ndugu, ndugu naye atapiga, na kaburi moja huzaa jingine. Dawa ni kumwahi ndugu hasira ikiwa bado moto, umcheleweshe mpaka ipoe. Mjomba alitoka pale na fulana ya bure na maringo ya mtu aliyeivumbua dawa hiyo mwenyewe.

Wa kwanza kujileta akawa Jemedari. Jeshi lake zima ni yeye na bastola ya kuazima. Chupi bado anafuliwa na mama yake. Jana yake mdogo wake alikuwa amepigwa risasi ya paja, na mtaa mzima ulimjua aliyepiga. Mtaa mzima unajua pia kwamba majogoo wetu hawaendi kulipiza kisasi bila kunyolewa. Wanataka watoke vizuri kwenye picha, iwe ya ushindi au ya msiba.

"Nitengeneze vizuri, mzee," alisema, kiuno kimetuna upande mmoja. "Nina shughuli."

Mjomba akanyoa upande wa kushoto mpaka ngozi ikang'aa. Kisha akazima mashine, akaketi.

"Vipi tena?"

"Nimechoka."

"Unanichezea? Malizia!"

"Nenda hivyo hivyo, mwanangu. Adui atakufa kwa kicheko, risasi utabaki nazo."

Benchi zima likaangua kicheko. Jemedari akapeleka mkono kiunoni, na kicheko kikakatika kama umeme. Mjomba hakuinuka.

"Haya, nipige. Halafu upande wa pili atakumalizia nani?"

Jemedari akajitazama kwenye kioo: huku simba, huku yai. Shujaa asiyeogopa polisi wala kaburi aliogopa kuvuka barabara na kichwa kile.

"Nipe basi kofia."

"Kofia sina. Nina simu." Mjomba akampigia muuguzi wa wodini, akamwomba ampe mgonjwa. Sauti ya mdogo mtu ikasikika chumba kizima.

"Kaka, uko wapi? Siwezi kusimama. Njoo unishike, nakojoa mbele ya wageni, naona aibu."

Jemedari akaondoa mkono kiunoni. Mjomba akavuta droo ya taulo.

"Weka mzigo humu, nikumalizie."

Akauweka. Akanyolewa. Akaondoka kiuno chepesi, akiapa kwamba bado hajamaliza na mtu yule. Makelele ya debe tupu.

Jioni nilipita wodini nikamkuta kainama, kichwa kinang'aa pande zote, kashika chombo cha mkojo kwa ncha za vidole.

"Taratibu, bwana, unamwaga!" mdogo wake alimfokea.

"Samahani," akasema Jemedari.